Umeme Uliochoka Njiani

Mwanangu Paskalina,

Barua nyingi huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naijua. Uko upande wa pili wa ukuta huu, mnabishana na mama yako kama lile blanketi zito liingie kwenye tranka au lifungwe kwa kamba juu yake. Mimi niko sebuleni na daftari langu la kazi, nimechana kurasa za katikati, na nina hasira. Si hasira juu yako. Leo mchana nilikukalisha mezani makusudi ili nikwambie jambo moja kabla hujapanda basi la Arusha kesho, na badala yake nikakueleza habari za kufuli la tranka. Kufuli! Nikakuonyesha na namna ya kulitia mafuta. Ukasema, "Sawa, baba," ukanyanyuka na sahani, nami nikabaki nimelishika lile kufuli kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Ndiyo maana naandika. Habari za kula, kulala, kusali na kujihadhari na watu mama yako amezimaliza tangu Jumapili, sitazirudia. Ninachotaka kukueleza ni habari ya taa za kule Kakesio. Unadhani unaijua kwa sababu ulikuwepo safari ya kwanza. Huijui. Wanaoijua ni mimi na mtu mmoja mwingine, na mtu huyo aliniuliza zamani kama nimeshakwambia.

Kwanza ujue nilikuwa mtu wa namna gani wakati ule. Nilitoka Kansay nikiwa kijana, nikaingia gereji hapa Karatu kuosha spea kwa petroli, nikapanda pole pole mpaka nikawa fundi umeme wa magari. Magari ya watalii yalikuwa yanarudi kutoka Serengeti yamepigwa na mashimo, waya zimekatika, taa haziwaki, na dereva ana wageni wa kushuka nao kwenye kreta alfajiri kuona wanyama. Mtu waliyemtafuta ni mimi. Nilikuwa nashika waya kwa vidole na kutaja tatizo liliko kabla mita ya kupimia umeme haijatoka kwenye begi, na madereva wakawa wananipigia makofi. Mtu akisifiwa hivyo miaka kumi na tano, masikio yake huziba taratibu, na mwenyewe hasikii yakiziba.

Kisha sola ikaingia. Mwanzoni watu walifunga zile taa ndefu za mirija, zikawa zinanyonya betri mpaka saa mbili usiku nyumba iko gizani. Halafu zikaja hizi taa ndogo za LED, taa inayokula kidogo kuliko redio. Watu wakaanza kuniuliza kama naweza kuzifunga. Nikawajibu hivi, naikumbuka kila silabi: "Gari ni volti kumi na mbili. Sola ni volti kumi na mbili. Kuna nini hapo cha kujifunza?"

Sentensi hiyo inaniudhi mpaka leo. Kwenye gari waya mrefu kabisa hauzidi hatua chache. Nyumba si gari. Jambo dogo kama hilo, linaloonekana kwa macho, sikuliona kwa sababu nilikuwa nimeshasema kwamba hakuna cha kuona.

Unakumbuka jinsi kazi ilivyopatikana. Marafiki wa usharika walinunua paneli, betri na taa kwa ajili ya zahanati moja upande wa Kakesio, wakaja gereji kutafuta fundi. Wewe ulikuwa likizo, kidato cha pili. Siku hizo kila Jumamosi ulikuwa unakuja gereji, unakaa kwenye tairi kuukuu na kuniuliza maswali mpaka wenzangu wanakuita Injinia. Ukaomba twende wote. Nilikubali kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa, lakini nilifurahi sana. Hilo nalo sikukwambia.

Zahanati ile ilikuwa jengo refu jembamba, vyumba vimepangana kama mabehewa. Stoo iko mwisho huu, chumba cha kujifungulia kiko mwisho ule. Na alikuwepo nesi Naserian, mwanamke wa Kimaasai wa huko huko, mrefu, wa sauti ya chini, yuko peke yake na mhudumu mmoja kwa watu wa bonde zima. Alitupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha kujifungulia. Alikuwa anazalisha kwa taa ya chemni, na panapohitajika kushona, anabana tochi kwa meno.

"Fundi," akaniambia, "kama taa zitatosha chumba kimoja tu, naomba kiwe hiki."

"Sista, zitatosha vyote," nikamjibu. "Utachoka kuziwasha."

Siku ya kwanza tulifunga paneli na betri. Betri niliiweka stoo. Kwa watu nilisema ni kwa sababu stoo ina mlango wa kufuli. Ukweli ni kwamba upande ule paa lilikuwa chini na ngazi yangu ilifika vizuri. Tukalala kwa mhudumu, taa zikiwa bado. Kesho yake nikavuta waya. Ule mnene ulikuwa umebaki kidogo, nikaumalizia kwenye paneli. Kuanzia betri mpaka mwisho wa jengo nikatumia waya mwembamba wa spika, ambao nilikuwa nao tele, laini moja ikipita chumba hadi chumba, na chumba cha kujifungulia kikawa cha mwisho kabisa.

Wewe ndiye uliyekuwa umeshika lile roli la waya. Ukauliza kwa adabu, bila kelele: "Baba, huu waya si mwembamba sana mpaka kule mwisho?"

"Taa hizi hazili umeme. Waya wowote utafaa."

"Lakini mwalimu wa fizikia alisema waya ukiwa mrefu na mwembamba, umeme unachoka njiani. Zikiwashwa zote kwa pamoja itakuwaje?"

Mzee Lazaro, dereva wa zahanati, alikuwa ameshika ngazi. Walinzi wawili walikuwa wamesimama mlangoni na fimbo zao. Wote walisikia. Nikahisi joto nyuma ya masikio, Paskalina. Hilo joto nataka ulijue, kwa maana lina sehemu kubwa katika habari hii. Nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote: "Huyo mwalimu wako ameshafunga taa ngapi? Nenda kasaidie kuosha masufuria, hapa ni kazi ya watu wanaojua."

Wakacheka. Wewe ukaweka lile roli chini taratibu, ukatoka. Hukulitupa. Ungelitupa ningepata cha kukugombeza, na pengine ningepata nafuu.

Nilipomaliza nikajaribu taa moja moja, mchana, jua likiwa kichwani. Kila moja niliyoiwasha iling'aa vizuri, hata ile ya mwisho. Nikapeana mikono na watu, tukaondoka saa saba ili tuwahi geti la hifadhi kabla halijafungwa. Kwa hiyo kazi yangu ya taa sikuiona gizani hata dakika moja. Jumamosi iliyofuata hukuja gereji. Wala ile nyingine. Wenzangu wakauliza, "Injinia yuko wapi?" Nikasema unasoma mitihani.

Ujumbe wa kwanza wa nesi ulikuja na mzee Lazaro alipofuata dawa Karatu. "Sista anasema taa ya chumba cha kujifungulia inafifia." Nikamjibu amwambie sista aache kuwafungulia watu redio. Ujumbe wa pili: redio haipo, na taa bado. Nikampa mzee Lazaro taa mpya akamfungie, kana kwamba taa ndiyo mgonjwa. Ujumbe wa tatu ulinikasirisha. Nikapanda gari mwenyewe, nikafika mchana, nikapima betri, nzima. Nikawasha taa ya mwisho, ikang'aa. Nikamgeukia nesi mbele ya wagonjwa wake, nikamfundisha matumizi bora ya umeme kama mtoto wa darasa la tatu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Fundi, kaa mpaka giza liingie. Uone ninachokiona."

"Geti linafungwa, sista."

"Basi lala. Chakula kipo."

"Nina magari yananingoja."

Lilikuwepo gari moja tu, na lingeweza kungoja wiki. Hapo najichukia zaidi ya mahali pengine popote katika habari hii. Kukosea waya ni kukosea, kila fundi hukosea. Lakini niliambiwa nikae nione, nikakataa, na nikajua kabisa kwa nini nakataa. Swali lako lilikuwa kichwani mwangu tangu ujumbe wa kwanza. Zikiwashwa zote kwa pamoja itakuwaje? Nilikuwa sitaki kuwa mahali ambapo zote zinawashwa.

Masika yakaingia, barabara ikawa mbaya, ujumbe ukakatika. Nikajidanganya kwamba mambo yametengemaa. Halafu siku moja mzee Lazaro akaingia gereji, nikiwa nimelala chini ya dashibodi ya gari la watalii, akaanza kupiga stori na wenzangu. Nikamsikia akisema amemleta nesi hospitali. Nesi alikuwa anamshona mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Wodi ilikuwa imejaa, taa zote zinawaka, na ile yake ikawa haionyeshi kitu. Tochi nayo ikazima. Sindano ikamchoma kidole, ikaingia sana, na damu ya yule mama hakuna aliyejua ina nini.

Unajua watu wanavyouogopa UKIMWI. Nesi alipewa vidonge vya mwezi mzima, akaambiwa apimwe, arudi apimwe tena, na tena, mpaka miezi mitatu ipite ndipo awe na hakika. Ana watoto wawili, mdogo bado alikuwa ananyonya. Ikabidi amwachishe siku ile ile.

Mimi niliendelea kufunga waya za dashibodi. Sikutoka chini ya lile gari mpaka mzee Lazaro alipoondoka.

Wiki ile ile nikaenda. Nilimwambia mama yako nimeitwa kazi. Nilibeba waya mnene roli zima, na safari hii nikalala. Jua lilipozama mhudumu akawasha taa zote, kama wanavyowasha siku zote, nami nikatembea kutoka stoo kuelekea mwisho wa jengo. Ya kwanza nyeupe kabisa. Ya pili nyeupe pia, pungufu kidogo. Kila chumba nilichoingia kilikuwa cheusi kuliko nilichotoka. Kwenye chumba cha kujifungulia taa ilikuwa kama kaa lililofunikwa na majivu. Nilinyoosha mkono chini yake na sikuiona mistari ya kiganja changu. Nikapima. Kwenye betri volti zilikuwa kumi na mbili na nusu. Pale kwenye taa, kumi na kidogo. Umeme ulikuwa umechoka njiani, kama ulivyosema.

Kesho yake nikabomoa kazi yangu yote. Nikahamisha paneli juu ya chumba cha kujifungulia, nikatengeneza sanduku la betri ukutani nyuma yake, nikavuta waya mnene kwa laini mbili, moja ya chumba hicho peke yake. Siku moja na nusu. Ilikuwa inahitaji siku moja na nusu tu, Paskalina, tangu mwanzo.

Na baada ya hapo, unadhani nilisema nini? Mhudumu aliuliza shida ilikuwa nini, nami nikajibu, "Betri ilikuwa imechoka. Nimeirekebisha." Watu wakanishukuru. Mzee mmoja akanipa mtindi kwenye kibuyu niwapelekee watoto. Uliunywa wewe ule mtindi, ukausifia, na mimi nikatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Miezi ile mitatu sikuwa mtu wa kukaa naye, mtanisamehe. Niliwafokea bila sababu. Redio ya jirani ilinikera, mvua ilinikera, wewe ukipita na vitabu vyako ulinikera kuliko vyote, kwa sababu ulikuwa unajua jibu na hukuwa unajua kwamba unalijua. Mama yako alifikiri nina mwanamke.

Nesi Naserian alipokuja Karatu kwa kipimo cha mwisho, nilimngoja nje ya hospitali. Sikuwa nimepanga, miguu ndiyo iliyonipeleka. Akatoka ameshika karatasi, akaniona, akaniambia kabla sijauliza: "Niko salama."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Nikamwambia haikuwa betri. Nikamwambia ni waya, ni mimi, na kwamba nilikuwa najua tangu siku aliyonitaka nikae. Nilitazamia anitukane. Ningependa anitukane.

"Niliona ulipohamisha betri," akasema. "Mtu hahamishi betri kwa sababu imechoka. Nilikuwa nangoja useme."

Kisha akauliza, "Na yule binti yako aliyekuuliza habari ya waya? Nilikuwa dirishani siku ile, nilimsikia. Umeshamwambia?"

Nikasema ndiyo.

Unaona? Niko mbele ya mtu aliyeishi miezi mitatu bila kujua kama atawalea wanawe, nimetoka tu kuungama uongo mmoja, na dakika ile ile namwambia uongo mwingine. Akaniamini. Akasema, "Vizuri. Watoto wanaonyamazishwa hawarudii kuuliza." Akaenda kutafuta gari la kurudi kwake. Bado yuko kule, anazalisha. Mwaka jana alimtuma mzee Lazaro aniulize kama wewe unaendelea na masomo, nikasema unaendelea vizuri sana.

Alisema kweli. Hukurudia kuuliza. Tangu siku ile unanipa shikamoo, unanipa chai, unaniambia "sawa, baba," basi. Na ulipoleta fomu ya chuo cha ufundi, umeme wa majumbani, nilikuuliza kwa nini usiende ualimu kama binti za wenzangu. Nikaiacha fomu juu ya kabati mpaka mama yako akaisaini mwenyewe bila kuniuliza. Mlidhani napinga kwa sababu wewe ni msichana. Heri ingekuwa hivyo, maana hilo ningeaibishwa nalo kanisani nikaliacha. Nilichoogopa ni kwamba utasoma, utarudi, utapanda kwenye dari za nyumba nilizofunga taa mimi, na utaona. Kuna nyingine kama ile, Paskalina. Nimezirudia nilizozikumbuka. Kwamba nimezimaliza zote, siwezi kuapa.

Sikuambii uwe mnyenyekevu. Neno hilo nililisikia kila Jumapili nikaitikia amina, na Jumatatu nikavuta waya wa spika. Wala sijui dawa ya lile joto la nyuma ya masikio. Nitakuwa mwongo tena nikikuambia limeniisha. Juzi tu kijana wa gereji alinikosoa mbele ya mteja na nikalihisi lile lile. Ninachojua ni kwamba likija, huwa lina maana kwamba aliyeniambia amesema jambo la maana. Akisema upuuzi sihisi chochote, nacheka tu. Sasa likinipata, nafunga mdomo na kuchukua mita. Sipendi. Nafanya huku nimenuna, na mteja anaona nimenuna. Lakini mita inatoka kwenye begi.

Na ukimaliza kufunga taa za mtu, usiondoke kabla ya giza. Ziwashe zote. Hilo ndilo pekee la ufundi nitakalokupa, mengine watakufundisha wanaojua kuliko mimi.

Nimesoma niliyoandika na nimekasirika upya. Kurasa zote hizi, na bado sijasema. Nimeeleza ya nesi, ya dereva, ya mtindi, nikazunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe. Basi ni hivi: ulikuwa sahihi. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulikuwa sahihi, na mimi nilikudhalilisha mbele ya watu kwa sababu ulikuwa sahihi. Unisamehe.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute Arusha, mimi nikiwa mbali nisiuone uso wako. Nimeona sasa kwamba huo nao ni woga ule ule, umevaa bahasha. Barua utaichukua, uisome basini ukitaka. Lakini neno lenyewe hutalisoma kwanza, utalisikia. Mama yako ametoka kwenda kwa jirani kutafuta kamba, nyumba imetulia. Naweka kalamu. Nakuja kukuita.

Baba yako